Mguu Mmoja Peku

"Sisaini, Mkuu."

Mkuu wa upelelezi alikuwa anapangusa miwani yake kwa ncha ya tai. Aliendelea kuipangusa, akaivaa, kisha ndipo akamtazama Inspekta aliyesimama mbele ya meza yake na mikono mgongoni. Hati ya mashtaka ilikuwa imelala kati yao, kalamu juu yake, kila kitu tayari isipokuwa saini ya Inspekta huyo wa kike.

"Inspekta, mimi sikukuuliza kama unapenda. Kesho asubuhi Msumari anapanda kizimbani kwa kumuua Shoka. Waziri anataka kesi ifungwe wiki hii ya kumbukumbu, na ameshatangaza. Umesikia au unataka nikuongezee sauti?"

"Nimesikia. Ndiyo maana sisaini."

Kwenye kona, juu ya kabati la majalada, televisheni ilikuwa inaonyesha kumbukumbu ya Shoka, maana ilikuwa wiki yake. Miaka minane tangu mwanamuziki huyo wa kufoka apigwe risasi kwenye ngazi za jengo la studio yake, na kwa miaka yote minane kila mwenye mdomo alikuwa na muuaji wake mfukoni. Kuna waliosema ni mheshimiwa mmoja aliyechanwa kwa matusi kwenye wimbo. Inspekta alimfuatilia mheshimiwa huyo wiki nzima na kukuta kwamba usiku ule alikuwa kitandani hospitalini, anatolewa mawe kwenye nyongo, na madaktari watatu wa kumshuhudia. Kuna waliosema ni mchumba. Kuna waliosema hakufa, kaonekana uwanja wa ndege ugenini, kanenepa, kaota kipara. Lakini wengi, tena wengi mno, walisema ni Msumari, hasimu wake.

"Shoka na Msumari," Mkuu alisema, "majina ya duka la vifaa vya ujenzi. Sasa mmoja kamgonga mwenzake. Ushahidi unao mwenyewe. Wimbo wa Msumari ulitoka alfajiri, Shoka akaokotwa jua limeshachomoza. Na ndani ya wimbo anasema nini?"

"Nimekuacha ngazini, mguu mmoja peku."

"Sasa nani aliyejua kuhusu mguu?"

Hapo Mkuu alikuwa na haki yake. Shoka alikutwa na kiatu kimoja. Kingine kilikuwa kimemvuka alipokuwa anakimbia, kikaporomoka hadi chini ya ngazi, na aliyekiokota ni Inspekta mwenyewe, wakati huo akiwa konstebo. Jambo hilo halikutangazwa. Hata mama wa marehemu aliombwa afunge mdomo, akaufunga. Aliyeuimba mguu ule kabla ya maiti kuonekana alikuwa ameuona, au alikuwa ameambiwa na aliyeuona.

"Mkuu, muuaji gani anapiga risasi kisha anakimbia studio kujitangaza kwa biti? Mjinga huyo hajazaliwa."

"Wamejaa mahabusu wajinga hao. Una muda mpaka saa kumi jioni. Usiposaini wewe atasaini mwingine, na wewe utakwenda kituo cha mpakani kutafuta ng'ombe waliopotea. Ng'ombe hawana mawakili. Utapumzika."

Kwenye televisheni, mama wa Shoka alikuwa anahojiwa, fulana yenye sura ya mwanawe imemkaa juu ya gauni. Pembeni yake alisimama mdogo wake wa kiume, mtu ambaye ulimwengu mzima wa muziki ulimwita Mjomba, kwa kuwa alikuwa mjomba na meneja wa Shoka kwa pamoja. "Ndugu yangu huyu ndiye aliyenigongea mlango asubuhi ile," mama alikuwa anasema. "Ametoka safari, hata uso hajanawa. Akaniambia, dada, mtoto kaumia, nipe viatu vyake twende hospitali. Hata katika hali ile alikumbuka viatu. Ndugu wa hivyo utampata wapi?" Mjomba akainamisha kichwa.

Inspekta aliitazama mpaka lilipokuja tangazo la sabuni. Kisha akapiga saluti na kutoka, na hati ile akaiacha ilipolala.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza iliyopigiliwa sakafuni na dirisha lililopakwa rangi hadi juu. Msumari aliingizwa akiwa amevaa malapa. Alikuwa amejaa tumbo siku hizi, ndevu zina mvi mbili tatu, lakini alikaa bado kijukwaa, mapaja wazi na kidevu juu.

"Afande, nimeshasema. Sina la kusema."

"Mstari wa mguu peku aliuandika nani?"

"Mimi. Kila mstari wangu naandika mwenyewe. Muulize mtu yeyote."

"Kesho unapanda kizimbani. Kosa lenyewe unaijua adhabu yake. Una mke, una mabinti. Mimi ndiye mtu pekee katika jengo hili ambaye hajasaini, na nina mpaka saa kumi. Kwa hiyo usiniletee maringo ya jukwaani."

Msumari akatazama ukuta. Inspekta akaweka simu mezani na kuucheza ule wimbo. Sauti ya Msumari wa ujana ikajaa chumbani, kali, safi, inabweka. Ulipofika mstari wenyewe Inspekta akausimamisha, akaurudisha, akaucheza tena, akaurudisha tena.

"Sikiliza mwenyewe. Mistari yote uko na nguvu. Huu mmoja sauti imekauka, unakwaruza. Halafu mstari unaofuata nguvu zinarudi. Mtu hachoki kwa mstari mmoja akapona."

"Mafua."

"Mafua ya sekunde ngapi? Mstari huu uliingizwa baadaye, umeshaimba mpaka koo limeisha. Wimbo ulikuwa umekamilika, ukafungua tena ukaweka huu. Kwa nini?"

Kidevu cha Msumari kikashuka kidogo. Akaanza kuchezea kidole gumba chake.

"Nani alikuwa kwenye mashine siku ile?"

"Usimsumbue Fundi, afande. Fundi hana kosa. Ana familia."

"Na wewe huna?"

"Mimi nina jina," alisema Msumari, taratibu, na kwa mara ya kwanza macho yake yalilowa. "Miaka minane watu wanasema nimeua. Shoo zangu zilijaa kwa sababu ya hilo. Hujui ukweli ungenifanyaje. Ningechekwa mpaka kaburini."

Inspekta alimtazama kwa hasira iliyochanganyika na huruma. Alikuwa amekutana na watu wanaoogopa kunyongwa, na wanaoogopa wake zao, lakini huyu alikuwa wa kwanza kuogopa kuchekwa kuliko kamba. Akachukua simu yake na kuondoka.

*

Fundi Sauti alikuwa bado kwenye chumba kile kile nyuma ya duka la mapazia, ingawa siku hizi alirekodi matangazo ya magodoro na nyimbo za harusi. Sponji zilikuwa zimegandishwa kutani na trei za mayai zimefunika dari. Kwenye kona kulikuwa na kibanda cha kurekodia chenye mlango mzito na kidirisha cha kioo, na ndani yake maiki moja iliyofungwa soksi.

Aliposikia lililomleta Inspekta, Fundi alifunga mlango wa nje, akazima feni, akaketi.

"Afande, nikisema hili nimekwisha."

"Usiposema, Msumari ndiye atakayekwisha."

Fundi akajikuna kisogo. Kisha akalitapika lote kwa mpigo, bila kumwangalia.

"Bifu halikuwepo. Lilipangwa. Shoka na Msumari walikuwa marafiki, wanapikiana. Mjomba ndiye aliyelibuni lote, alikuwa anasimamia pande zote mbili, upande mmoja kwa uwazi na wa pili kwa siri. Kila wimbo wa kuchanana, kabla haujatoka, lazima usomwe upande wa pili. Unampigia Mjomba, unamsomea mistari, yeye anamsomea Shoka, Shoka anasema hapa poa, hapa mguse mama yangu kidogo lakini usizidishe. Wakirudisha majibu, unarekebisha. Ndivyo kazi ilivyokwenda. Hakuna mstari uliotoka bila ruhusa ya anayetukanwa."

Inspekta alijikuta anacheka, kicheko kifupi cha kukasirika. Mitaani vijana walikuwa wamechomeana pikipiki kwa ajili ya bifu lile.

"Kwa hiyo usiku ule?"

"Usiku ule tulimaliza. Msumari akamsomea Mjomba kama kawaida, kisha tukasubiri majibu. Tulisubiri sana, hata tukasinzia. Mjomba akaja kupiga mwenyewe. Msumari alikuwa kibandani, akaweka simu spika. Mimi nikatoka kwenda kujisaidia. Niliporudi Msumari akaniambia kuna mstari wa kubadilisha. Tukabadilisha, nikaupeleka hewani alfajiri. Asubuhi ndiyo tukasikia Shoka kafa. Msumari alilia humu ndani, pale chini ulipokanyaga."

"Ulipotoka, mashine uliizima?"

Fundi akamtazama kana kwamba ameulizwa kama huwa anakula kwa pua.

"Mashine haizimwi, afande. Msanii akiwa kibandani, inarekodi. Anaweza kutoa kitu kizuri wakati anapiga miayo. Vipande visivyotakiwa unavinyamazisha tu, huvifuti..."

Sentensi haikumalizika. Fundi alikuwa amegeuka tayari, anafungua droo, anatoa diski ya zamani iliyozungushiwa utepe. Ilichukua muda kompyuta kuisoma. Wimbo ukajitandaza kwenye kioo, mistari ya rangi juu ya mistari ya rangi, na kwenye safu ya sauti ya Msumari palikuwa na kipande kirefu cha kijivu, kilichonyamazishwa. Pembeni yake kompyuta ilikuwa imeandika yenyewe tarehe na saa. Ni usiku ule, saa nyingi kabla ya mfagiaji wa jengo kumkuta Shoka.

"Sijawahi kukisikiliza hiki," Fundi alisema. "Nani anasikiliza takataka?"

Akakibonyeza. Kwanza zikaja pumzi za Msumari na mkwaruzo wa kiti. Halafu sauti ya simu ikiwa spika, nyembamba lakini safi kabisa, sauti ambayo nchi nzima ilikuwa inaisikia kila mwaka ikidai haki.

"Ule mstari wa nitakuzika ni wa kitoto. Kila mtu siku hizi anazika. Utoe. Weka hivi: nimekuacha ngazini, mguu mmoja peku."

"Peku tena?" Sauti ya Msumari ilicheka, karibu na maiki. "Ya nini?"

"Si unakumbuka mashabiki walivyomvua kiatu jukwaani? Watu watacheka. Weka, na utoke alfajiri, usichelewe."

"Sawa, Mjomba. Mwenyewe kakubali?"

Mlango wa gari ulisikika ukifungwa mahali fulani upande wa pili.

"Kakubali. Amelala sasa hivi, usimpigie."

Fundi alikisimamisha kipande taratibu. Inspekta alitoa daftari na kuiandika ile tarehe na saa, akiikandamiza kalamu kwa hasira. Mjomba aliandika maelezo polisi kwamba usiku ule alikuwa mji mwingine, hotelini, amelala. Mtu aliyelala mji mwingine alikuwa anajua ngazi zilivyo na mguu ulivyo, na kisha akampa rafiki wa marehemu aubebe mguu huo mbele ya dunia.

"Walikuwa wanataka nini, Shoka na Msumari? Kulikuwa na jambo lolote jipya kati yao?"

"Albamu ya pamoja," Fundi alisema. "Walitaka kupatana hadharani. Shoka alisema amechoka kumtukana rafiki yake, na amechoka kuendeshwa. Alikuwa anamwacha Mjomba. Alimwambia wiki ile ile."

Inspekta aliifunga diski kwenye mfuko wa vielelezo, akamwandikisha Fundi maelezo ukurasa kwa ukurasa, akamsainisha, akasaini yeye. Nakala ya sauti aliituma moja kwa moja kwa mwendesha mashtaka, si kwa Mkuu. Alijua kitendo hicho kingemgharimu. Alikifanya akiwa amesimama, kwa kidole kimoja, bila kusita.

Simu ikalia kabla hajafika kwenye gari. Alikuwa Mkuu.

"Mwendesha mashtaka ananiuliza maswali nisiyoyajua. Rudi ofisini sasa hivi."

"Nasikia, Mkuu. Sirudi bado."

"Hiyo ni amri."

"Naijua amri nikiiona," alisema Inspekta. "Ng'ombe wa mpakani wanisubiri kidogo." Akakata.

*

Nyumbani kwa mama wa Shoka palikuwa na viti vya plastiki uani, kamera kwenye miguu yake mitatu, na vijana wa fulana nyeusi zilizoandikwa HAKI. Waandishi walikuwa wanasubiri Mjomba atoke na maiki, kama kila mwaka. Mjomba mwenyewe alikuwa sebuleni na dada yake, anajifuta jasho kwa leso, fulana ya sura ya Shoka imemkaa vizuri kifuani.

"Inspekta, karibu," alisema. "Tumesikia mmemshika. Miaka minane, lakini mmemshika."

"Mama," Inspekta alimwambia mwenye nyumba, "naomba ukae. Nina kitu cha kukusikilizisha, na kitakuumiza. Sikutaka ukisikie mahakamani katikati ya watu."

Mama akaketi kwenye mkono wa kochi. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mgongo ulionyooka, aliyelea wadogo zake kabla ya kulea wanawe. Inspekta akaweka simu juu ya kitambaa cha meza, akaibonyeza.

Sauti ilianza. Kabla haijamaliza neno la pili, mama alikuwa ameshamgeukia mdogo wake. Aliendelea kumtazama hadi mwisho, hadi kwenye mlango wa gari, hadi kwenye yale maneno ya mwisho, na wala hakupepesa.

"Dada," Mjomba alisema. Leso ilikuwa imesimama shavuni. "Dada, siku hizi mashine zinatengeneza sauti ya mtu yeyote. Hata yako wanaweza."

"Diski ni ya miaka minane," alisema Inspekta. "Mashine hizo zilikuwa hazipo."

"Nilikuwa safarini. Dada, wewe unajua nilikuwa safarini."

"Ulikuja asubuhi," mama alisema.

"Ndiyo. Polisi walinipigia njiani, nikaja moja kwa moja."

"Polisi walikuambia nini?"

"Kwamba kaumia. Kapelekwa hospitali. Basi."

Inspekta alikuwa amefungua mdomo ili aendelee, akaufunga. Mama alikuwa ameinua kiganja kumzuia, na alikuwa anaongea polepole, kama anayetoa mwiba.

"Ukaniambia nipe viatu vyake."

Mjomba alishusha leso.

"Sikuelewa kwa nini. Mtu kaumia, anapelekewa shuka, anapelekewa maji. Wewe ulitaka viatu. Nikakupa vile vya kahawia. Nilipomwona kule chumba cha maiti, mguu ukiwa wazi, nikasema, Mungu wangu, ndugu yangu ana moyo, ni kama aliota. Nimewasimulia watu miaka minane. Nimesimulia kwenye televisheni." Akamnyooshea mdogo wake kidole. "Nilikubeba mgongoni wewe, mama yetu akiwa shamba. Niangalie. Ulijuaje kwamba mwanangu hana kiatu?"

Nje, kijana mmoja alikuwa anajaribu maiki, moja, mbili, moja, mbili. Mjomba aliketi. Alifunika uso kwa ile leso, na yaliyotoka chini yake yalikuwa madogo sana.

"Sikuweza kumwacha vile, dada. Alikuwa peku."

Inspekta alitoa pingu. Alimsomea haki zake kwa sauti ya kawaida, neno kwa neno, kwa kuwa hakutaka wakili yeyote aje apate pa kuchomekea kidole. Simu yake ilikuwa inatetemeka mfukoni, jina la Mkuu likija na kuondoka. Aliiacha itetemeke.

"Tutapitia mlango wa nyuma, Mama. Waandishi wamejaa. Hulazimiki kuonekana leo."

"Mlango wa nyuma wa nini?" Mama alisimama, akanyoosha gauni, akanyoosha fulana juu yake hadi sura ya mwanawe ikakaa sawa. "Miaka yote hii kajificha nyuma yangu. Apite mbele."

Akatangulia. Uani vijana walinyamaza walipoziona pingu, na kamera zikageuka zote kwa pamoja. Yule kijana wa maiki alimnyooshea Mjomba kwa mazoea, kisha akabaki mkono hewani, hajui ampe nani. Mama aliichukua. Hakuwahi kuishika kabla ya siku ile, ikapiga kelele, naye akaisubiri itulie.

"Mimi ni mama yake Shoka," alisema. "Kila mwaka mnaniuliza nani alimuua mwanangu, na kila mwaka huyu hapa ananijibia. Leo najibu mwenyewe. Mwacheni Msumari arudi kwa mabinti zake. Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Mwulizeni alikuwa anafanya nini ngazini."